Siku Mshenga Alipokwenda Kujiposea

Ukitaka kuoa kijijini Mollo na vijiji vya jirani, kwanza unamtafuta msichana, halafu unamtafuta Fabiani. Wapo walioanza na Fabiani, msichana wakamtafuta baadaye, na mambo yakawaendea vizuri vilevile.

Fabiani ni mkulima wa mahindi na ulezi, mwanamume anayeukaribia uzee, mrefu, mwembamba, mwenye koti moja jeusi analolivaa kanisani, msibani na kwenye posa. Kulima analima kama wengine. Kinachomtofautisha ni mdomo. Tangu ujana wake amekuwa mshenga, yule mtu anayetumwa na ukoo wa mwanamume kwenda kwa ukoo wa mwanamke kuomba mchumba, na hajawahi kurudi na jibu la hapana. Watu wanasema ana dawa. Hana dawa yoyote. Ana adabu, ana sauti, na ana barua.

Tuanze na adabu. Huku Ufipa salamu siyo kitu cha kupita nacho mbio. Unachuchumaa, unakunja viganja kidogo, unapiga makofi polepole, unauliza habari za nyumba, za watoto, za shamba na za mvua, na ukishajibiwa unaulizwa na wewe, mnaanza upya. Vijana wa Sumbawanga mjini wanakuja na "mambo" yao, mkono mfukoni, halafu wanashangaa kwa nini wazee wanawajibu huku wanatazama ukuta. Fabiani anaweza kuchuchumaa mpaka mwenye nyumba mwenyewe aone huruma. Mama mkwe mtarajiwa hamtazami usoni hata kwa bahati mbaya. Anatazama mkeka, anatazama mlango, akikosa kabisa anatazama viatu vyake. Akinyamaza, ananyamaza kwa mpango. Anajua wenye nyumba wakianza kutazamana wao kwa wao ndipo pa kukohoa kidogo na kusema, "Wazee wangu, nisiwachoshe." Hapo ndipo anapoanza kuwachosha, lakini kwa maneno matamu.

Hata Mzee Kashinje alimweza, na Mzee Kashinje si mtu wa kuwezwa. Huyo ni mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na kijana mmoja wa Kifipa alikuwa amempenda binti yake mpaka hali chakula. Fabiani alipofika kuposa, alimkuta mzee zizini anahangaika na ndama mwenye kidonda mguuni. Mshenga mwingine angesimama pembeni na kumwaga hotuba yake. Fabiani alivua koti, akakunja suruali, akamshika ndama miguu. Habari za binti hakuzigusa hata kwa mbali. Ndama alipopakwa dawa na kuachiwa, Mzee Kashinje alinawa mikono, akamtazama mgeni wake aliyejaa kinyesi mpaka kiunoni, akasema, "Haya, huyo kijana wako anaitwa nani?" Harusi ilifanyika baada ya Pasaka.

Sasa barua. Siku hizi posa haiendi mikono mitupu, lazima iwe na barua, na barua zote za posa upande ule zimetoka kwenye kalamu ya Fabiani. Tuseme wazi, zote ni barua moja. Aliitunga zamani, alipokuwa bado kijana, ikampendeza, ikakubaliwa siku ya kwanza, na toka hapo hakuona sababu ya kuisumbua. Anabadilisha majina na tarehe tu. Mtu akimuuliza kama haoni haya, anajibu kwamba Baba Yetu nayo ni ileile kila siku na hakuna aliyewahi kulalamika.

Basi, mtu huyu mwenye ndoa za watu mgongoni alikuwa mgane mwenyewe. Mkewe Fransiska alifariki miaka kadhaa iliyopita, watoto wameshaoa na kuolewa, mmoja yuko Mpanda, mwingine Tunduma. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Na huyo mtu mmoja, kwa muda sasa, alikuwa anampenda Cornelia.

Cornelia ni mjane wa Raymond, fundi seremala aliyeanguka ghafla akiwa kazini kwake, Mungu amlaze pema. Ni mama mnene wa wastani, mwenye sauti inayosikika mpaka ng'ambo ya bonde, mwimbaji wa kwaya ya kigango, sauti ya pili. Watu wanaomwogopa ni wengi kuliko wasiomwogopa. Fabiani alikuwa kwenye kundi la kwanza.

Alijaribu kumwambia. Jumapili baada ya misa alimsogelea, akauliza habari za shamba, Cornelia akasema shamba ni zima, Fabiani akasema tunamshukuru Mungu, na mazungumzo yakaishia hapo kama gari lililoishiwa mafuta. Akaona aandike. Namba ya Cornelia aliipata kwenye kundi la simu la jumuiya. Asubuhi moja akamtumia ujumbe: "Tumsifu Yesu Kristo." Jibu likaja: "Milele amina." Fabiani akaishika simu mpaka mkono ukafa ganzi. Hakuona cha kuongeza. Kesho yake akatuma tena, "Tumsifu Yesu Kristo," na Cornelia akajibu tena, "Milele amina." Mambo yaliendelea hivyo toka kupanda mpaka kupalilia. Kama kumsifu Yesu ndiyo uchumba, basi wale wawili walikuwa wameshaoana zamani.

Angeendelea kumsifu mpaka mwisho wa dunia, lakini habari zikamfikia kisimani. Mtoto wa Cornelia anayefanya kazi Mbeya amejenga, na baada ya mavuno anakuja kumchukua mama yake akaishi naye huko. Cornelia alikuwa hajasema ndiyo wala hapana, ila mbuzi alishaanza kuwauza. Fabiani alirudi nyumbani na ndoo yake tupu. Siku ile alielewa kwamba asipoposa kabla mahindi hayajaingia ghalani, yule mama atapanda basi na yeye hatamwona tena ila kwenye misiba.

Lakini ataposaje? Hapa pana shida ambayo hakuwahi kuifikiria hata siku moja. Mwoaji kwa desturi ya pale hajisemei. Anasemewa. Kinywa cha mwoaji siku ya posa ni cha kufungwa kama mtungi wa pombe, na anayefungua ni mshenga. Na mshenga alikuwa nani? Alikuwa yeye. Alitafuta kijiji kizima akakuta hajamfundisha mtu yeyote, maana raha ya kuwa wa pekee ni tamu na yeye aliila peke yake.

Akaishia kwa Nestory.

Nestory ni rafiki yake wa damu, mchuuzi wa dagaa wanaotoka Wampembe, ziwani. Ni mtu mwema, mwaminifu, na bubu kwa hiari. Sokoni Sumbawanga wateja wakimbembeleza apunguze bei anasema, "Bei hiyohiyo," na hayo ndiyo maneno yake ya siku. Fabiani alipomwomba awe mshenga, Nestory alifikiri kwa muda mrefu.

"Mimi?" akasema.

"Wewe."

"Haya."

Mafunzo yakaanza nyuma ya nyumba ya Fabiani, mchana kweupe, upepo wa Julai ukiwapiga na sweta zao. Fabiani alijifanya shangazi wa bibi harusi, akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na Nestory akatakiwa kuingia.

"Chuchumaa," Fabiani akasema. "Siyo hivyo. Hivyo unataka kuruka. Shuka taratibu. Makofi sasa. Nestory, unafukuza ndege? Polepole, viganja vikunjwe, sauti iwe nzito."

Nestory akapiga makofi mazito.

"Vizuri. Sasa sauti. Usiongee na mimi, ongea na nyumba nzima. Anza chini, panda kidogo, ukifika kwenye jina la mwoaji, nyamaza. Waache walisubiri jina."

"Wanalijua," Nestory akasema. "Ni wewe."

"Waache walisubiri hivyohivyo! Na macho? Macho yako wapi?"

"Kwako."

"Mimi ni shangazi! Tazama mkeka!"

Nestory akatazama chini. "Mkeka haupo," akasema.

Walifanya hivyo wiki nzima. Mwisho wa wiki Nestory aliweza kusema hotuba yote, kuanzia "wazee wangu" mpaka "tuko chini ya miguu yenu", bila kukosea, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya dagaa. Fabiani akajipa moyo.

Ikabaki barua. Kwa hili tumpe haki yake, alijaribu kuandika mpya. Aliketi kizingitini na karatasi gotini, akaandika "Cornelia", akafuta, maana barua ya posa haiandikwi kwa mwanamke, inaandikwa kwa wazee wake. Akaandika "Wazee wangu", akajikuta ameshaandika sentensi ya pili na ya tatu ya barua ya zamani, mkono wenyewe unajua njia. Akachana. Akaanza tena, ikatoka ileile. Alikuwa na maneno ya kila mtu isipokuwa yake, na jambo hilo lilimtisha, akaacha kulifikiria. Barua ile haijawahi kukataliwa. Kwa nini ianze leo? Akainakili kwa mwandiko wake bora, akaweka jina lake penye jina, akalamba bahasha.

Mwenye kupokea posa alikuwa Isdori, kaka yake Cornelia, mkulima mwenye maneno machache na masharubu mengi. Mwoaji kwa kawaida haendi siku ya kwanza, lakini Isdori alituma neno: aje na yeye, maana mtu aliyetusemea sote namna hii tunataka tumwone akiwa amenyamaza. Watu wakacheka kijiji kizima. Fabiani hakucheka.

Siku ikafika. Sebuleni kwa Isdori walikuwepo watu watatu: Isdori mwenyewe, mkewe Lydia, na shangazi yao Redempta, bibi mwenye macho makali aliyeketi kwenye kiti pekee chenye mto. Cornelia, kama inavyotakiwa, alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Mwanamke anayeposwa anasikia kila kitu ila haonekani, na akiwa na neno analipitisha kwa shangazi.

Nestory aliingia, akachuchumaa vizuri sana, akapiga makofi mazito. Shangazi Redempta akaitikia. Wakaulizana habari za nyumba, za shamba na za baridi. Fabiani, amechuchumaa nyuma kidogo, alianza kupumua.

Kisha kukawa kimya. Kilikuwa kimya kizuri, kimya cha mpango, na Nestory alitakiwa kukohoa na kuanza. Nestory alikohoa. Akatazama mkeka. Mkeka wa Isdori ulikuwa mzuri, wa rangi tatu, na Nestory aliutazama kama anataka kuununua. Hotuba yote ikamtoka kichwani, ikaenda zake.

Nyuma yake midomo ya Fabiani ilianza kucheza. Wazee wangu. Wazee wangu, tumetoka mbali. Alikuwa anasema bila sauti, macho yamemtoka, shingo imenyooka, kama mwalimu wa kwaya anayemsukuma mwimbaji kwa uso. Nestory hana macho ya kisogoni. Waliokuwa wanaiona shughuli nzima ni wenye nyumba.

"Tumekuja kwa ajili ya huyu," Nestory akasema, akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. Akafikiri kama kuna la kuongeza. "Barua hii hapa."

Ndiyo ikawa hotuba. Fabiani alifumba macho.

Isdori aliipokea bahasha, akaichana pembeni, akavaa miwani. Akakohoa na yeye, maana kusoma barua ya posa ni heshima. "Yahusu, kuomba kujenga undugu," akasoma. "Wazee wetu wapendwa, husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Katika pitapita zake, kijana wetu..."

"...ameliona ua," Lydia akasema kutoka kwenye pembe yake.

"...lililochanua katika bustani yenu," Shangazi Redempta akamalizia.

Isdori akashusha karatasi. Akampandishia mkewe macho juu ya miwani. "Lydia. Hii si ndiyo barua yako?"

"Ni yangu," Lydia akasema. "Na ya dada yangu aliyeolewa kijiji cha Kate. Na ya yule binti wa jirani, mwaka juzi."

"Na ya Cornelia," Shangazi akasema, "alipoolewa na Raymond. Mimi ndiye niliyeisoma, papa hapa, na huyuhuyu amechuchumaa palepale." Akamnyooshea Fabiani kidole. "Endelea, Isdori. Sasa inakuja ile ya upole."

Isdori akaendelea kwa sababu alikuwa ameshaanza. "Kijana wetu ni mpole, mchapakazi na mcha Mungu, na pombe anakunywa kwa kiasi. Binti yenu naye tumesikia sifa zake, kwamba ni msichana mtulivu, hana makuu wala kelele..."

"Nani?" sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Nyumba ikafa kwa kicheko. Lydia alijifunika uso kwa kitenge. Shangazi Redempta alicheka mpaka akashikilia kiti. Hata masharubu ya Isdori yalitikisika. Nestory peke yake hakucheka, kwa sababu hakujua kama mshenga anaruhusiwa. Na Fabiani, aliyekaa katika sebule za watu maisha yake yote na kuwafanya wacheke pale alipotaka wacheke, alisikia masikio yanamwaka moto.

Kicheko kilipokwisha, Isdori alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha. Uso wake ulikuwa umebadilika, na haukubadilika kuelekea pazuri.

"Fabiani," akasema, "wewe ni mtu wetu, sikuvunjii heshima. Lakini dada yangu si msichana wa kuposwa kwa karatasi ya kila mtu. Ameshafiwa, ameshalia. Mwanawe anamngoja Mbeya, nyumba ipo, wajukuu wapo. Mimi nilitegemea angalau kwa huyu utahangaika kidogo." Akamnyooshea Nestory bahasha. "Rudini na barua yenu."

Nestory akaipokea. Akaanza kuinuka, maana kuinuka alikuwa anajua. Fabiani hakusema kitu. Desturi ilimfunga, ni kweli, lakini tusimsingizie desturi. Hata ingemfungua hapo hapo, hakuwa na la kusema. Alikuwa anaona basi la Mbeya, na yule mama ndani yake, na mzigo wake juu.

Pazia likafunguka.

Cornelia akasimama mlangoni, mikono kiunoni, amevaa gauni lake la kwaya. Yesu na Maria! Shangazi Redempta karibu aanguke.

"Cornelia, rudi ndani!"

"Nitarudi, Shangazi. Anijibu kwanza." Akamgeukia Fabiani moja kwa moja, akamtazama usoni, jambo ambalo halifanywi. "Barua nimeisikia. Niliisikia hata mwaka ule, nikiwa nyuma ya pazia hilihili. Mwaka ule ulikuwa unamsemea Raymond, sikukulaumu. Leo unamsemea nani? Wewe mwenyewe, Fabiani, unanijua mimi?"

Fabiani alifungua kinywa. "Wazee wangu," kikasema kinywa chenyewe, "nisiwacho..."

"Hapana," Cornelia akasema. "Siyo hayo."

Akakifunga. Kimya kilichofuata hakikuwa cha mpango. Nje kuku alikuwa anaparua, na ndani watu watano walikuwa wanamtazama mtu mmoja, na mtu huyo aliogopa. Aliogopa kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Alitazama mkeka kwa mazoea, halafu akanyanyua uso, akamtazama Cornelia na yeye.

"Unaimba sauti ya pili," akasema.

"Hilo hata mbwa wanalijua," Isdori akasema.

"Na ukikosea," Fabiani akaendelea polepole, "unamgeukia Leonia aliye kushoto kwako, unamkazia macho, kama yeye ndiye amekosea. Na Leonia anaamini. Jumapili ya Matawi alikwenda kulia nyuma ya kanisa."

"Mbele ya altare, Cornelia!" Shangazi akasema.

Mikono ya Cornelia ikashuka kutoka kiunoni.

"Kwenye mashine ya kusaga," Fabiani akasema, "unagombana na kila anayeruka foleni. Halafu ikifika zamu yako unampisha bibi yeyote aliye nyuma yako, na akikushukuru unamfokea." Sauti yake haikuwa ile ya posa. Ilikuwa nyembamba na imekauka, na haikupanda wala kushuka. "Raymond alipofariki, mwaka ule ulilima matuta ya upande wa barabara peke yako, ya upande wa mtoni ukayaacha yaote majani. Watu walisema umeshindwa. Mimi nilijua hujashindwa. Upande wa mtoni ndiko alikokuwa anaanzia yeye, na wewe unaanzia barabarani, mnakutana katikati. Nilikuwa naona nikipita."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Nilitaka nije nikwambie pole. Siyo ile ya msibani, ile nilishaisema, na niliisema vizuri. Nyingine. Nikafika mpaka kwenye uzio wako, nikakosa maneno. Mimi, Cornelia. Nikarudi nyumbani." Akafuta jasho kwa mkono wa koti, na baridi yote ile. "Nashinda naongea kwa ajili ya watu. Nikifika kwangu nafungua mlango, nanyamaza mpaka asubuhi. Nimechoka kunyamaza. Ndiyo hivyo tu. Sina jingine."

Lydia alikuwa anatazama mikono yake. Shangazi Redempta aliurekebisha mto wa kiti chake, ambao haukuwa na tatizo lolote. Nestory alimgeukia rafiki yake kwa uso wa mtu aliyeonewa.

"Hayo hukunifundisha," akasema.

Cornelia alisimama kidogo. Alionekana kama anataka kusema kitu kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde, na hakikutoka. Akageuka, akarudi ndani, pazia likafungwa.

Isdori akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Yeye ndiye mkuu wa nyumba, na mkuu wa nyumba lazima afunge kikao. "Basi," akasema, na haikuwa sauti ile ya kwanza. "Tumekusikia. Ukoo utakaa, jibu mtaletewa. Ndio utaratibu, na wewe ndiye uliyetufundisha."

"Ndio utaratibu," Fabiani akakubali.

"Ndiyo," sauti ikasema nyuma ya pazia.

Isdori akageuza shingo. "Unasemaje?"

"Nasema ndiyo. Nakubali."

"Cornelia, hatujakaa kikao!"

"Kaeni. Nani amewakataza? Mbeya nitapiga simu mwenyewe."

Shangazi Redempta, ambaye maneno yote yalipaswa kupitia kwake, alijiweka sawa kitini na kumtangazia Fabiani kwa heshima kamili, ijapokuwa wametengana hatua chache tu, "Anasema amekubali."

Fabiani alikuwa bado amechuchumaa. Miguu ilishakufa ganzi, na Nestory alikuwa anamvuta koti ili waondoke kabla wenye nyumba hawajabadilisha mawazo. Hakuinuka.

"Samahani," akasema, akilitazama pazia. "Hapo mwisho sikusikia vizuri."

"Nimesema ndiyo, Fabiani!" Kuku wa nje akaruka. "Umesikia sasa, au nije nikuandikie?"

Fabiani akaitikia kwa kichwa, ingawa nyuma ya pazia hakuna ambaye angemwona. Alikuwa amesikia vizuri sana tangu mara ya kwanza. Alitaka tu isemwe tena, na isemwe kwake.